Kompyuta Iliyozima Yenyewe

Ile mashine ilikaa uchi juu ya meza ya sebule karibu mwezi mzima kabla haijawaka hata mara moja. Nikipita na ufagio nilikuwa naizunguka polepole, vile mtu anazunguka mgeni aliyelala. Tulikaa Landless, mtaa wa Thika, vyumba viwili katika ploti ya mawe, na ulikuwa ule mwaka wa mwisho kabla ya kuingia elfu mbili. Mzee wangu alikuwa ameachishwa kazi kiwanda cha nguo kilipofunga milango. Mimi nilishona vitambaa kwa sindano ya kroshia, vya kufunika viti, meza, redio, kila kitu, na nyumba nyingi za Landless ukiingia ulikuwa unakaa juu ya mkono wangu.

Majina ya watu ninayo yote kichwani. Hata wale akina mama saba waliokuja Jumamosi ile, najua nani aliketi wapi na nani alirudia chai. Lakini siyaandiki hapa, kwa sababu wengine wameshalala na wengine wana wajukuu wanaojua kusoma.

Mashine ilikuwa ya msichana wangu, kitinda mimba. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa amesomea kompyuta pale Thika mjini, kwa chuo kimoja kilichokuwa juu ya duka la viatu, akapata cheti, na baadaye akapata kazi Ruiru kwa fundi wa kompyuta. Watu waliposikia anafanya kazi ya kompyuta walinipongeza sana, na mimi nikapokea pongezi bila kuwaeleza kwamba kazi yenyewe ilikuwa kuchemsha chai, kufagia, na kuandikia wateja risiti. Waliokuwa wakifungua mashine ni vijana wawili wa kiume, kila mmoja na meza yake. Meza ya tatu ilikuwa wazi. Aliyekuwa akiikalia alikuwa amehamia Nairobi.

Meza hiyo ndiyo aliyoitaka. Jioni moja tukipepeta mchele akaniambia, "Leo nimemwambia fundi mkubwa anipe ile meza."

"Akasemaje?"

"Akauliza kama chai iko tayari."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akasema wale vijana walicheka pia, na mmoja akamwambia, "Wachana na skrubu, sista, utavunja kucha." Basi yeye akamimina chai, akawapa, akarudi kusimama palepale mbele ya yule mzee mpaka mzee akavua miwani. Huyo fundi mkubwa alikuwa mtu wa Ruiru, mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa kamba ya viatu, na alikuwa haongei sana. Akamwambia, "Mashine ya kuandika barua kila mtu ataunda. Wewe uniundie ya gemu. Gemu ndiyo inatesa mashine, inaitoa jasho mpaka unajua kama ni mzima. Iunde na mikono yako, uiwashe na gemu, ikimbie siku saba bila kuzima. Ikifika siku ya saba, meza ni yako, na chai nitatafuta mtu mwingine."

Vyuma vilitoka kwa stoo yake. Mwaka ule ofisi zilikuwa na hofu kwamba ikigonga elfu mbili kompyuta zao zitachanganyikiwa tarehe, kwa hivyo walikuwa wakitupa zile za zamani, na stoo yake ilikuwa imejaa mpaka mlango haufungi vizuri. Alimruhusu achukue chochote kilichokuwa kwenye rundo. Msichana akawa anakuja jioni na kiondo changu, ndani kipande kimoja kimefungwa kwa gazeti kama yai. Kesi ya bati, nyumba ya mashine, ilikuja kwanza, imekunjika pembe. Ikaja mazabodi, kibao cha kijani ambacho vingine vyote hukaa juu yake. Ikaja pawa saplai, sanduku dogo lenye feni yake mgongoni, la kuingiza stima. Ikaja hadi diski, ghala la mashine, nzito kama pasi ya mkaa. Ikaja prosesa, ndogo kama biskuti, na aliponiambia hiyo ndiyo akili yenyewe nikaishika kwa vidole viwili nikamrudishia haraka.

Nilijifunza majina yote. Darasa langu liliishia la nne, lakini jina nikilisikia mara moja halitoki. Mzee wangu alikuwa akikaa mlangoni na gazeti la juzi, anasikia tukiitana hayo majina, na siku moja akasema, "Sasa hata wewe umeanza."

"Nimeanza nini?"

"Kuongea na mabati."

Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyefanya kazi miaka kumi na tisa kwa mashine moja, halafu siku moja akaambiwa mashine imeuzwa. Kwa hivyo kitu chenye feni na waya hakikumfurahisha tena. Alikuwa na rafiki aliyekuwa nyapara wa shamba moja la maua upande wa Murera, na alikuwa ameshaongea naye. Msimamo wake ulikuwa wazi: huo upuuzi ukishindikana, msichana aende kwa maua, huko kuna kazi inayoonekana.

Ile prosesa ilikuwa na miguu chini, miguu midogo kama nywele za nguruwe, mistari kwa mistari, na mmoja ulikuwa umelala. Kwa sababu hiyo ndiyo ilitupwa. Msichana aliijaribu, ikakataa kuingia. Akakaa nayo mkononi. Nikamwambia leta. Nikatoa sindano yangu nyembamba kabisa, ile ya kushonea uzi wa hariri, nikainamia mwanga wa dirisha nikashika pumzi, nikauinua ule mguu kidogo kidogo kama mtu anayetoa mwiba kwa jicho la mtoto. Ulisimama. Akaichukua, akaiweka mahali pake, ikashuka yenyewe bila kulazimishwa, akafunga kijiti cha pembeni kinachoishikilia. Akaniangalia akasema, "Mama, wewe ndiye fundi." Sijasahau, kwa sababu ya yaliyofuata.

Siku alipoiwasha ilitoa sauti moja tu, piip, na yeye akaketi chini sakafuni. Nikamuuliza mbona inalia. Akasema ikilia mara moja ni mzima, ikilia mara nyingi ni mgonjwa. Fundi mkubwa aliposikia imewaka alifungua droo yake mwenyewe akampa kadi ya picha, maana bila hiyo gemu haiwezi kukimbia. Alimpa na daftari pia, la kurasa thelathini na mbili, la watoto wa shule. Akamwambia, "Mtu wa nyumbani awe anaandika. Asubuhi, saa sita, saa tisa, jioni. Aandike inaendeleaje. Nani hushinda nyumbani?"

"Mama."

"Anajua kuandika?"

"Anajua."

Alinieleza hayo mazungumzo jioni kama kitu cha kawaida. Lakini mimi nililala nikilifikiria hilo neno. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kusema hivyo juu yangu mahali nisipokuwa.

Ilianza Jumatatu asubuhi. Gemu yenyewe ilikuwa ya magari ya mashindano, na usipoigusa inajiendesha, magari yanakimbia bila dereva, yanazunguka yanarudi, yanazunguka yanarudi. Msichana akienda Ruiru, mimi nabaki nayo. Nilichonga penseli na kisu. Nikaandika: Jumatatu, asubuhi, iko sawa. Saa sita, iko sawa. Saa tisa, iko sawa. Jioni nilikuwa nampa daftari anasoma kama vile ni barua kutoka ng'ambo.

Alikuwa ameniagiza mambo mawili. La kwanza, isizimwe kwa sababu yoyote. La pili, vumbi. "Vumbi ndiyo adui, Mama. Usifagie kabla hujanyunyiza maji." Basi nikawa nanyunyiza, na mlango unaotazama barabara nikaufunga.

Siku ya Jumatano, mzee akiwa ametoka, msichana alikuwa amepewa ruhusa ya mchana mzima, akanivuta kiti. "Kaa uendeshe." Nikasema mimi siwezi. Akasema bonyeza hapa na hapa tu. Niliendesha gari jekundu likagonga ukuta, likarudi, likagonga tena palepale. Nikamuuliza mbona halipiti. Akasema, "Kwa sababu unaliomba msamaha, Mama. Kata kona." Nilikata kona. Alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi pia. Nilikuwa sijawahi hata kuketi kiti cha mbele kwa gari la mtu.

Sasa nifike Jumamosi.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikuwa na desturi ya kutembeleana nyumba kwa nyumba, Jumamosi moja kila mwezi, na zamu hiyo ilikuwa yangu. Mtu asiyejua nyumba zetu za wakati ule hataelewa. Mgeni akija, nyumba inavishwa. Viti vinavaa mgongoni na mikononi, meza kubwa inavaa, vimeza vya pembeni vinavaa, redio inavaa, hata birika la maji lina chake. Vitambaa vinafuliwa, vinatiwa wanga wa uji wa mahindi, vinapigwa pasi mpaka vinasimama vyenyewe. Nyumba ambayo redio yake iko uchi ilikuwa inasemwa mpaka mwezi mwingine. Na nyumba yangu mimi, mshonaji, ndiyo ilikuwa duka langu. Wakija kwangu wanakuja kuchagua.

Na pale katikati ya sebule, mahali jicho linapoanzia, lilikuwa lile bati lililokunjika pembe, waya zimening'inia kama matumbo.

Kompyuta pekee niliyokuwa nimeiona kabla ya hiyo ilikuwa katika ofisi moja ya serikali nilikokwenda kutafuta kitambulisho cha msichana. Ile ilikuwa imevaa. Kitambaa cha kijani, pindo limeshonwa kwa cherehani, kimeifunika yote, na niliketi kwenye foleni tangu asubuhi nikiiangalia, ikiwa imevaa hivyo hivyo. Haikunijia kwamba ilikuwa imezimwa. Mimi nilijua tu kwamba kompyuta ya watu wa maana huvaa.

Kwa hivyo nikaivisha. Nilichukua kitambaa changu kikubwa kuliko vyote, cha kiti cha watu watatu, kazi ya miezi miwili, cheupe chenye maua ya waridi. Kwa vile kroshia ina matundu na waya zingeonekana, nilikuwa nimekitia bitana ya satini. Nikaifunika juu, nyuma, pembeni, mpaka chini. Kioo kinachoonyesha magari nacho nikakipa kitambaa chake. Sikuizima. Msichana alisema isizimwe, na mimi sikuizima. Nilisimama mlangoni nikaangalia, nikaona sasa nyumba imekuwa nyumba.

Akina mama wakaja saa nane. Mwenyekiti wetu, mama mnene mwenye ulimi, akaketi karibu nayo na akaitegea sikio.

"Mama, huku chini kunanguruma nini? Umefuga nyuki?"

"Ni kompyuta ya msichana."

"Inafanya nini huko ndani?"

"Inaendesha gari."

"Dereva ni nani?"

"Haina dereva."

"Basi ni kama nchi hii," akasema, na nyumba ikacheka.

Walikishika kile kitambaa, wakakigeuza pindo, wakaona satini. Wawili waliagiza kama hicho palepale. Nilikuwa na furaha ambayo naionea aibu mpaka leo. Tukanywa chai, tukala mandazi, na katikati ya chai harufu ikaingia. Mmoja akauliza, "Leo wanachoma nini?" Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu Thika kila upepo una kiwanda chake, wa ngozi ukiacha wa mafuta unaanza. Mimi niliinuka nikafunga dirisha.

Ilipofika saa tisa walikuwa kwenye maombi. Nilikumbuka daftari. Nikafungua jicho moja, nikalivuta kutoka chini ya mto wa kiti. Kuangalia ingebidi nivue kitambaa mbele ya wageni na watu wanaomba. Niliandika: Saa tisa, iko sawa. Nikafumba jicho nikasema amina pamoja nao.

Walipoondoka niliwasindikiza mpaka barabarani. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Kunguruma hakukuwapo. Nikavua kitambaa, na harufu ikanipiga usoni, harufu ya waya na ya nywele zilizoungua. Bati lilikuwa moto kama sufuria. Kioo kilikuwa cheusi. Na kwenye satini, upande uliokuwa umelalia feni ya nyuma, kulikuwa na alama ya kahawia, duara na mistari yake ndani, kama chapa.

Sikupiga kelele. Nilikikunja kile kitambaa na nikakiweka chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya mablanketi. Nikafungua dirisha. Nikaketi na daftari. Jioni ilikuwa bado haijafika, lakini niliandika ya jioni mapema: Imezima yenyewe.

Maneno mawili. Niliyaandika vizuri, kwa mistari, kama nilivyofundishwa.

Msichana alirudi saa kumi na moja. Alijua kabla hajaingia, alisimama mlangoni akasikiliza.

"Nani ameigusa?"

"Hakuna."

"Stima ilipotea?"

"Haikupotea."

Nimelifikiria hilo jibu miaka mingi. Kama nilikuwa nataka kudanganya, si ningesema stima ilipotea ikarudi na nguvu? Fundi yeyote angeelewa, na pengine angemwongezea siku. Hata uongo wenyewe sikuchagua ule wa kumsaidia. Nilichagua ule wa kujificha mimi.

Mzee alipoingia alinusa tu. "Si nilisema hiki kitu kitatuchomea nyumba." Kisha, kwa sauti ya chini, maana alimwona msichana uso, "Jumatatu nitaongea na yule wa maua."

Jumapili msichana hakwenda kanisani. Aliifungua skrubu kwa skrubu, akazipanga juu ya gazeti. Pawa saplai ilikuwa imeungua ndani na imeiharibu mazabodi. Alitoa prosesa akaigeuza juu chini kwenye dirisha, akahesabu ile miguu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na sufuria mkononi. Akasema bila kugeuka, "Siyo ule mguu wako, Mama. Mguu umesimama vizuri. Ni mimi. Nafikiri ile dawa ya kupoza prosesa niliipaka kidogo, au waya nilizibana zikaziba hewa. Kuna kitu nilikosea na sikioni."

Hapo ndipo ningesema. Mahali palikuwa wazi kabisa. Nikarudi jikoni.

Jumatatu alikwenda Ruiru na daftari. Aliporudi alinieleza yote kama mtu anayesoma tangazo. Fundi mkubwa alisoma kila mstari, kuanzia mwanzo, kwa kidole. Alipofika mwisho akauliza, "Hapa ameandika nani?"

"Mama."

"Basi ni kweli. Mama hawezi kukusingizia." Akafunga daftari. "Mashine ikizimwa na mtu, au na stima, hiyo naelewa. Ikizima yenyewe, shida ni mkono ulioiunda." Akamrudishia. Hakumtukana. Alimuuliza tu kama kuna maziwa ya chai.

Wale vijana walimpa jina, wakawa wanamwita Siku Sita. "Siku Sita, leta sukari." "Siku Sita, mteja huyo." Meza ya tatu ikapewa kijana mmoja aliyetoka chuo. Mwisho wa mwezi msichana akaacha. Mzee akampeleka kwa nyapara, akaanza kwa maua.

Alikuwa anatoka asubuhi na mapema na kurudi alasiri. Kazi yake ilikuwa kukata mashina na kuyapanga kwa urefu. Vidole vikajaa miiba, na ile dawa wanayonyunyiza ikamfanya macho mekundu. Hakulalamika. Ile mashine aliifunga kwa gunia akaisukuma chini ya kitanda. Kwangu alikuwa mpole kuliko zamani, na huo upole ndio ulionimaliza. Nilitumia miezi mitatu nikilala juu ya jambo lile, na wale wawili walioagiza vitambaa vya satini niliwaambia satini imeadimika.

Kilichoniamsha ni redio. Redio ya mzee ilinyamaza, akaigonga, ikakataa. Yeye ambaye hakuwa amemuuliza chochote tangu siku ile, akamwambia msichana, "Si ufungue uangalie."

Msichana alikuwa anaosha miguu. Akasema, "Peleka kwa fundi, Baba. Mimi si fundi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama vile mtu angesema yeye si mrefu. Mzee akaniangalia mimi, kana kwamba mimi najua la kusema. Na nilikuwa najua.

Kesho yake nilichukua kile kitambaa na lile daftari, nikaenda Ruiru. Duka nililipata kwa kuuliza. Fundi mkubwa alinijua kabla sijajitambulisha, nafikiri tunafanana uso na msichana. Akanipa kiti. Nikatandaza kitambaa mezani pake, satini juu, na nikamwambia, "Mashine haikuzima yenyewe. Nilikuwa nimeifunika na hii."

Aliangalia alama. Akavuta pawa saplai moja iliyokuwa hapo, akailaza juu ya lile duara, ikalingana, mstari kwa mstari. Wale vijana walikuwa wameacha kazi wanaangalia. Hakuna aliyecheka.

"Ilikuwa siku ya sita," akasema.

"Ya sita, mchana."

"Gemu ikikimbia?"

"Ikikimbia."

Akavua miwani. "Mimi zangu naziacha wazi mbavu, na bado zinakufa siku ya tatu. Hii ilikuwa mashine nzuri, Mama. Iliuawa." Alisema polepole, si kwa kuniumiza, lakini alisema. "Meza imepata mtu. Huyu kijana hana makosa, siwezi kumwinua."

"Naelewa."

"Msichana amesemaje?"

Nikaanza kunyoosha pindo la kitambaa.

"Hujamwambia."

"Bado."

"Kwa hivyo umekuja kwangu kwanza." Alikikunja kitambaa changu vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia. "Hapa hukuwa na kazi. Nenda nyumbani. Na umwambie akitaka kuja kuniuliza kitu, aje. Mambo ya kuniuliza, si chai."

Alasiri hiyo nilimngoja sebuleni. Alipoingia aliona kitambaa mezani, alama juu, na daftari pembeni. Hakuketi. Nilimwambia yote kwa mpangilio, wageni, ofisi ya serikali, satini, harufu, dirisha nililofunga. Aliinua pindo akaliangalia, na nikaona mdomo wake karibu kucheka.

"Satini, Mama."

"Waya zilikuwa zinaonekana."

Alitikisa kichwa. Nikafikiri labda imekwisha. Ndipo akafungua daftari.

"Hapa saa tisa. Ulikuwa umeiangalia?"

"Hapana. Tulikuwa tunaomba."

"Na hapa?" Kidole chake chenye miiba kilikuwa kwenye yale maneno mawili. Kisha akasema, "Kitambaa hukujua. Hii ulijua."

Nilisema pole. Nilisema niliogopa. Aliniacha nimalize, akaenda akaleta penseli, akaiweka mbele yangu.

"Andika."

Niliandika chini ya ile ya jioni: Niliifunika mimi na kitambaa. Mashine ilikuwa sawa. Mstari ukapanda juu. Akasoma, akafunga daftari, akaenda chumbani na nikasikia gunia likivutwa kutoka chini ya kitanda.

Kwa maua alikaa mwaka mwingine na zaidi. Lakini Jumamosi alikuwa anapitia Ruiru kuuliza mambo, na mashine ikarudi mezani, mbavu wazi, na pawa saplai nyingine. Redio ya mzee ilizungumza tena, na yeye akasema tu, "Ongeza sauti." Leo msichana ana duka lake Thika mjini, vijana watatu wanamwita Mama Fundi, na katika duka lile na nyumbani kwake hutapata kitambaa hata kimoja, hata juu ya meza ya chakula. Watoto wake hupenda kusimulia vile cucu, nyanya yao, alivyoivisha kompyuta nguo ikafa kwa joto. Wanacheka mpaka machozi, na mimi nacheka nao. Ya daftari hawaijui. Hakuwaambia, na mimi sijaambia mtu mpaka hapa.

Siku zingine napita dukani, nashinda naye. Akitaka kutoka kwenda benki au kula, na vijana hawapo, ananiachia duka. Ananipa funguo zote mkononi, za mlango, za stoo, za kabati lenye mashine za watu, na ananiambia, "Mama, mteja akija mwambie angoje." Halafu lile daftari la wateja, ambalo lingenitosha mimi kuandika jina la mtu na saa aliyokuja, analichukua kutoka juu ya meza, analiweka kwenye droo, na anaifunga kwa ufunguo mdogo unaokaa kwenye mkoba wake.